Okidi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimefukua ndoo ya taka kwa mikono miwili. Mimi, fundi wa meno ya bandia, mwenye koti jeupe na wateja wanaoniita daktari kwa bahati mbaya. Nilikuwa natafuta ua la okidi. Mama mkwe kalitupa.

Ua lenyewe alipewa na baba mkwe. Mzee alipofariki, mama akahamia kwetu na sanduku moja, ua kalipakata mapajani. Tangu hapo hatoki chumbani ila kwenda bafuni. Daktari anasisitiza atembee, la sivyo miguu itamgomea. Mama huitikia vizuri sana, kisha hujifunika shuka.

Nilimuuliza kwa nini kalitupa.

"Limechoka, mkwe wangu. Usilisumbue."

Sasa nani kanituma nilisumbue? Majani yamelegea kama soksi kuukuu. Mke wangu kanikumbusha kwamba hata kaktasi ilinifia.

Jumamosi, 8 Machi
Nimelihamishia chungu kipya. Udongo mweusi, samadi, maji ya kutosha na ya ziada. Nikaliweka dirishani, jua la mchana lilipige sawasawa. Nilijiona bwana shamba.

Jumatano, 12 Machi
Jani moja limeungua, lina doa kama la pasi. Jingine limedondoka nilipoligusa — kwa upole! Nimesoma kwenye simu, kazini, badala ya kusaga meno ya watu. Kumbe okidi hii haitaki udongo kabisa. Kwao hukaa juu ya miti, mizizi ikining'inia hewani. Nimelizika likiwa hai.

Alhamisi, 13 Machi
Nimelipeleka kazini ndani ya mfuko. Wakati wa mapumziko nikalifanyia upasuaji. Mizizi mingi imegeuka uji wa kahawia. Harufu yake sitaki kuieleza. Nimeikata kwa mkasi wangu mdogo (nimeuchemsha!), nikabakiza michache iliyo migumu, nikapaka dalasini kwenye majeraha yasioze. Nikalipanda kwenye vipande vya maganda ya mti, chungu chenye matundu. Dada wa mapokezi alichungulia, akataka kujua hilo ni jino la nani. Nikasema la mama mkwe. Akafunga mlango.

Jumapili, 16 Machi
Linataka unyevu na mwanga usio mkali. Nyumba nzima, mahali pa namna hiyo ni bafuni tu, kwenye kile kidirisha cha kioo cha ukungu. Limekaa kati ya shampuu na miswaki. Mama kalikuta asubuhi. Kapiga mswaki, karudi chumbani. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, nimelala nayo.

Jumatano, 9 Aprili
Kuna foleni bafuni. Mama akiingia hatoki. Nimenyoa ndevu kwenye sinki la vyombo na bado nimechelewa kazini. Mke wangu anahofu ni tumbo. Nilibisha hodi, nikaambiwa nisubiri. Kesho nampigia daktari.

Jumamosi, 12 Aprili
Tumbo halina neno. Leo mlango haukufungwa vizuri, nikaona. Mama kasimama. Kasimama bila kushika ukuta! Mkononi kitambaa kibichi, anafuta jani taratibu, juu na chini, huku anamsimulia marehemu habari za humu ndani. Akafika kwenye habari zangu.

"Huyu mkwe wako," akasema, "anamwagilia kama anazima moto."

Nikarudi nyuma kwa ncha za vidole. Nimesengenywa kwa marehemu, na nimetabasamu siku nzima. Mjinga wa aina gani huyu?

Jumatatu, 28 Aprili
Sasa ananiagiza waziwazi. Mizizi ikiwa ya kijivu, nimwagilie. Ikiwa ya kijani, nitue kopo. Jioni hunifuata hadi sebuleni kumalizia kunikosoa, na akishafika huko hukaa, hula, huuliza kwa nini tunaangalia vipindi vya hovyo namna hii.

Halafu shemeji kapiga simu, kaka yake mke wangu. Anataka mama akaishi kwake. Nyumba kubwa, ina bustani. Mama kasema sawa. Ua litabaki, safari italivunja. Miezi michache nyuma ningemfungia sanduku mwenyewe huku napiga mluzi. Leo sikumaliza chakula. Nimesingizia jino.

Jumapili, 11 Mei
Shemeji anamfuata mama leo. Sanduku liko koridoni. Mama aliingia bafuni kuliaga ua, mara akatuita. Tukasongamana watatu mle ndani. Chini ya jani la chini kabisa kuna kitu kimechomoza, kijani, kidogo kama punje ya mchele.

Mama akasema huenda ni mzizi, huenda ni bua la maua. Kama ni bua haondoki, lazima alione likichanua. Kama ni mzizi, basi, anaondoka, ua tutaliangalia wenyewe. Akataka mimi niamue, maana macho yangu ndiyo yaliyozoea kazi za vitu vidogo. Nikaenda kuleta lenzi.

Mzizi. Ncha ya mviringo, inang'aa, imeshaanza kuinama kutafuta maganda. Wala haihitaji lenzi. Nikaendelea kuchungulia muda mrefu, mke wangu akinipumulia shingoni.

"Bado mapema kujua, mama," nikasema.

Mama, aliyelea maua ya aina hii kabla sijaota ndevu, akainama naye. Akalitazama bila haraka. Kisha akanitazama mimi.

"Kweli," akasema. "Bado mapema."

Honi inalia nje. Naandika haya nimeketi juu ya sanduku lake. Mke wangu yuko mlangoni mwa bafu, kaegemea fremu. Mama anafuta jani. Honi tena, ndefu zaidi. Geti limefungwa, ufunguo ninao mimi, na hakuna aliyeniambia niinuke —