Jiwe Badala ya Mifupa

Itoman, Okinawa
3 Februari 1977

Kaka Seiken,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila Mama macho yanamsumbua. Mdomo bado mkali kama unavyoujua. Shemeji na watoto hawajambo? Mboga zinauzika huko São Paulo?

Mwezi wa sita ni mwaka wa thelathini na tatu wa Baba, tukihesabu na ule aliokufa vitani. Ndiyo ibada ya mwisho. Baada ya hapo tunamwachilia akakae na mababu, hatumwiti tena peke yake kwa jina. Lile jiwe ulilomletea Mama kutoka Makabe alikofia, badala ya mifupa, ambalo amekuwa akiliwekea chai madhabahuni kila asubuhi, sasa amekubali lioshwe liingie kaburi la ukoo. Nauli ikikushinda, andika hata maneno mawili tuyasome kaburini.

Mdogo wako,
Hatsue

Itoman
17 Aprili 1977

Kaka,

Hujambo, au umekufa ukatunyima hata taarifa? Tarishi akipita Mama anauliza. Nguruwe wa ibada nimeshaagiza. Nijibu, nipate la kumwambia.

Mdogo wako,
Hatsue

São Paulo
5 Mei 1977

Mdogo wangu Hatsue,

Nisamehe kwa kimya. Nyumbani hapa wote wazima, mimi tu sina raha tangu barua yako ya kwanza.

Lile jiwe si la Makabe. Nyinyi mlikuwa mmekimbilia kaskazini. Mimi ndiye niliyekuwa pangoni na Baba. Alitoka kutafuta maji, akaangukia mlangoni. Mwaka uliofuata Mama aliponituma nikalete mifupa, sikuweza kufika. Katikati ya njia niliokota jiwe barabarani nikageuka. Mama alilipokea kwa mikono miwili, nami nikashindwa kusema ukweli. Watu walidhani nilipanda meli kufuata utajiri, kumbe nilikimbia aibu ile.

Pango liko kusini mwa kisima cha Makabe, hatua kama mia mbili, mlango umeelekea baharini. Tafadhali kaokote la kweli, ubadilishe kimyakimya. Naona haya.

Kaka yako,
Seiken

Itoman
28 Juni 1977

Kaka,

Sisi hatujambo, na ibada imekwisha.

Nilikwenda Makabe. Miwa imefika hadi mdomoni mwa pango. Mwenye shamba aliniuliza wangu waliofia pale walikuwa wangapi, nikamwambia mmoja. Akasema nina bahati, kwao alibaki yeye na mbuzi. Nikaokota jiwe mlangoni, nikalibadilisha kama ulivyosema.

Lakini unamjua Mama. Haoni vizuri, ila alipoanza kuliosha tu akasema hili silo. Ikabidi nimweleze yote, mbele ya Shangazi. Nilikuwa nimekukasirikia sana, na bado kidogo. Mama hakulia. Aliuliza lile la zamani liko wapi. Lilikuwa mfukoni mwangu, Shangazi akasema litupwe, si la ukoo wetu.

Mama akamjibu: "Barabara ile watu walilala kila hatua. Huyu ni wa mtu, na huenda kwao hakubaki hata wa kutumwa. Nimemlisha miaka thelathini na moja. Simfukuzi leo."

Basi kaburini tumeweka mitungi miwili yenye mawe hayo, wa Baba na wa mgeni, na nyama tumewagawia sawasawa. Shangazi amenuna mpaka leo.

Mama ana swali moja. Ulipookota lile jiwe, karibu yake palikuwa na nani? Mwanamume, mwanamke au mtoto? Anasema lazima ajue amwandalie nini.

Mdogo wako,
Hatsue

São Paulo
16 Julai 1977

Hatsue,

Hatujambo, natumaini nanyi hamjambo.

Mwambie Mama ni mtoto wa kike. Alikuwa mifupa tayari, lakini gauni na nywele zilikuwepo. Kimo chake ni chako cha wakati ule, na nywele zimekatwa kama Mama alivyokuwa akikukata. Sikugeuka kwa kuogopa pango. Nilirudi mbio kuona kama uko nyumbani.

Kaka yako,
Seiken