Ua la Midomo Mitatu

Mshangano,
Songea.
14 Juni 1999

Mwanangu mpendwa Fausta,

Marahaba mwanangu, naitikia kabla hujaniamkia. Hujambo huko Arusha? Kifua kimepona, au bado unaingia kwenye kile chumba cha baridi bila sweta? Vaa sweta. Sisi huku hatujambo. Baba yako Urban hajambo, mguu unamsumbua asubuhi tu, ukipata jua unatulia. Bibi yako Suzana yupo, masikio ndiyo yamechoka, lakini jina lako likitajwa analisikia na anacheka. Dada yako Benigna amejifungua salama mtoto wa kike, tumemwita Devota. Mdogo wako Aidan anakusalimu, anasema ulimwahidi viatu. Hata mbuzi ni wazima. Ni baridi ya mwezi huu tu inayotung'ata.

Mahindi tumevuna, lakini siku hizi mnunuzi ni yeyote mwenye lori, anakuja na bei yake mfukoni, na mbolea haishikiki. Ndiyo maana nilizishika kwa mikono miwili hizi okidi, maua ambayo kampuni yenu inakipa kikundi chetu kukuza.

Sasa, mama, zimechanua. Unakumbuka zilivyofika ndani ya chupa, vimiche kama kucha za mtoto, vimekaa kwenye ule uji wao wa kuteleza. Nikavitoa kama ulivyonielekeza, nikaviosha, nikavipanda kwenye magome na mkaa. Baridi ikija navifunika khanga zangu mwenyewe, baba yako analalamika kwamba maua yanavaa kuliko yeye.

Nyingi zimetoa maua meupe, sawasawa na ile picha yako. Lakini miche minne imekuja na mambo yake. Okidi ina mdomo mmoja pale chini, si ndiyo? Hizi, majani ya ua ya pembeni nayo yamegeuka midomo, yamejikunja na kutiwa njano. Ua moja, midomo mitatu.

Wanakikundi wenzangu walipokuja kutazama, Epifania, jirani yetu, akaniuliza, "Mama Fausta, mtoto huyu baba yake nani?" Nikamwambia, "Baba yake chupa, kama wa kwako." Akasema basi limenifuata mimi, mdomo mmoja haunitoshi. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Kicheko kiliisha alipokuja Bwana Ramson, yule wa kampuni yenu anayezungukia vikundi. Alisema miche yote imetoka kwenye kipande cha mche mama mmoja, haiwezi kutofautiana hata kidogo. Kwa hiyo, kwa maneno yake, mimi nimeuza minne ya kampuni, halafu nikachimba ya porini Matogoro kujazia. Alisema hayo mbele ya watu wote. Na wale wale waliocheka na mimi wakaanza kutazama vidole vya miguu yao.

Kunegunda, mwenyekiti wetu, akanivuta pembeni. "Kubali tu, dada, yaishe. Ng'oa hiyo minne, omba radhi, ubaki kwenye kikundi." Baba yako naye anasema hivyo hivyo, anachoka na maneno. Maana Ramson anarudi Jumamosi ya wiki ijayo na gari. Nisipokiri atabeba zote, hata zile nyeupe, na jina langu litafutwa.

Nikamjibu Kunegunda ili wote wasikie, "Sikubali. Nikiomba radhi leo, kesho jembe la mtu likipotea mtakuja kulitafuta kwangu." Na Matogoro nimekata kuni tangu usichana, sijaona ua la namna hii. Huyo anayelijua akalilete tulitazame.

Mimi darasa la nne, sijui ya kwenye chupa. Lakini ninyi nimewazaa tumbo moja na hakuna aliyefanana na mwenzake. Wewe ndiye unayekata vile vipande na kuvitia chupani. Niambie, humo ndani mmoja hawezi kuharibika njiani, akatoka wa peke yake?

Naogopa kwa ajili yako. Ramson anajua wewe ni mwanangu. Kama kuyasema haya kutakuharibia kazi, usimwandikie yeyote wa kampuni, niandikie mimi tu. Sitamwonyesha mtu, nitaendelea kukataa kwa kinywa changu.

Msalimie Leo na mkewe, wenyeji wako hapo mnapoishi, na Sista Otilia wa parokia yenu. Baba yako, bibi, Benigna na kachanga kake wanakukumbuka. Mungu akutangulie unapotoka, na Mama Maria akufunike unaporudi.

Jibu mpe kondakta wa basi, usilitie posta, litachelewa. Maneno ya Ramson nayabeba, na ya Kunegunda nayabeba. Lakini ni wewe uliyeniambia zitafanana zote kama mapacha, na tangu juzi nalala nikijiuliza kama na wewe unadhani nimezibadilisha. Hata ukidhani hivyo, sing'oi. Ila niambie mwanangu, na uniambie upesi, kabla ya Jumamosi hiyo.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda sana,
Mama Fausta