Mama Yumo Ukutani

Nyumbani, meza ya jikoni
Jumapili jioni

Kaka mpendwa,

Hujambo huko uliko? Wifi na watoto wanaendeleaje? Kile kifua chako kimepona, au bado unakidanganya kwa chai ya tangawizi? Sisi wazima, ila mimi damu inanichemka tangu jana.

Ukumbi wetu wa maigizo umefunguliwa upya. Usingeutambua. Lile bati lililowalazimisha waigizaji kupiga kelele mvua ikinyesha halipo tena. Sasa ni zege na vioo mpaka juu, na ngazi pana zisizo na pa kushikilia. Nakubali, unapendeza. Lakini Mama alizipanda kwa kuning'ang'ania mimi, na wale wenye suti walimpita tu.

Mlangoni kuna ukuta wa kioo wenye historia ya ukumbi. Picha ya Mama ipo, kubwa kuliko zote. Nilifurahi, kaka, nikatoa na simu. Kisha nikasoma chini yake, kwa jina lake la jukwaani: "Marehemu Bibi Kicheko akiagwa na wasanii wenzake."

Picha hiyo unaijua. Ni ule mchezo wa mama mkwe anayejifanya amekufa ili asikie wakwe zake wanavyomsengenya. Jeneza ni lile alilolitengeneza Baba kwa mbao za makasha, ambamo wewe ulikuwa unasinzia tukisubiri mazoezi yaishe. Watu wazima wamekaa ofisini, wameona jeneza, wakamzika mama yetu bila kuuliza mtu! Na tunakaa mtaa wa pili tu.

Nilimvaa msanifu wa jengo palepale. Eti maandishi yamechongwa kwenye kioo, hayafutiki, tusubiri mwakani. Nikamwuliza kama mama yake angekubali kuwa maiti mpaka mwakani.

Mama mwenyewe alicheka. "Basi niliigiza vizuri," akasema. Lakini tulipofika nyumbani hakugusa chakula. Baadaye akaniuliza, "Kaka yako akiiona hiyo picha, atakuja?"

Hapo hasira zangu zote zikahamia kwako. Kila mwaka unasema unakuja, na kila mwaka hatukuoni.

Msalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mungu akupe afya, akupe na nauli, akufikishe salama. Kioo niachie mimi, nitapambana nao. Wewe njoo, kaka, maandishi yale yangali uongo.

Mdogo wako akupendaye, hata leo alipokukasirikia