Nyumba ya Kamba na Shimo la Maji

Kisauni, mvua za vuli

Kwa dada yangu Mwanahawa, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima,

Shikamoo. Najua umeitikia kwa kuguna, nako kwatosha. Mimi sijambo ila meno. Yamebaki mawili na hayapatani. Hali yako wewe? Na ukuta wa jikoni, bado umesimama au umekwisha kulala? Barua yako nimeisoma mwenyewe, bila kumwita mtu. Madarasa yangu matatu bado ninayo, hakuna aliyekuja kuyadai.

Uliniandikia kwamba kisima kimekushinda na nyumba yainama kila mvua, lakini huji Mombasa kukaa chumba cha kupanga, ukisikiliza watu wakikoroma nyuma ya ukuta. "Siku utakapokuwa na mlango wako na maji yako, niite." Ndivyo ulivyosema. Basi sikiliza.

Nimejenga. Usipige vigelegele, ni ndogo: dhiraa kumi na mbili kwa saba. Ile miaka niliyokula moshi melini nililala juu ya ubao wenye upana wa maiti, vitu vyangu vyote vikiwa juu ya kichwa au chini ya mgongo, wala sikupungukiwa. Nikasema nyumba nayo yaweza kuwa hivyo. Kitanda chako kina sanduku chini yake. Meza imeshikwa ukutani. Ukimaliza kula waikunja, na pale ulipokula ndipo utakaposali. Jiko liko barazani, upande upepo unakokwenda, ili moshi uwe wa jirani. Kuta ndefu zatazama kibla na kusini, jua la asubuhi na la jioni likute ukuta mfupi tu. Waya za stima zapita barabarani kwenda kiwanda cha simiti Bamburi bila hata kutusalimu, kwa hiyo chini ya paa nimeacha wazi pande zote, mwanga na upepo viingie bila kuulizwa.

Nyumba yote haina msumari. Hapa, dada, nyumba huwa yako lakini ardhi ni ya mwenye shamba. Wetu ni Bwana Nasoro, na makatazo yake ni matatu: usijenge kwa mawe, usitie chokaa, usipande mnazi. Vitu hivyo vikishashika ardhi huwa na haki, na yeye ataka siku akiuza shamba atuambie ondokeni, tuondoke. Nikajenga kwa boriti na fito, kila fundo kamba ya makumbi ya nazi. Paa ni madebe ya mafuta ya taa, tumeyapasua tukayanyoosha, mimi na jirani yangu Kazungu, Mgiriama, mgema wa tembo. Tembo lake sinywi. Namsikiliza tu akilisifu.

Yakabaki maji. Kisima cha hapa kina chumvi, hata chai yakasirika. Nikaweka mfereji wa gogo la mnazi chini ya paa, mvua iteremke mpaka kwenye shimo kando ya ukuta mrefu. Hapo ndipo nilipokosea. Tulichimba dhiraa nne kwa moja na nusu, kina kifuani, na ubavuni nikachonga shubaka la kutulizia ndoo, usije ukaivuta kutoka chini kwa magoti hayo. Kazi ilipokwisha nikaona kuna ubaridi humo. Nikajilaza kidogo, ubavu wa kulia, kama nilivyozoea.

Akapita Bi Rukia, muuza vitumbua. Akachungulia. Shimo refu, jembamba, limekaa kama makaburi yetu yanavyokaa, lina mwanandani ubavuni, pale alazwapo maiti, na mzee yumo ameelekea kibla.

"Mzee Athumani! Wafanya nini humo?"

"Najaribu," nikamwambia.

Vitumbua vikamwagika. Kabla ya adhuhuri mtaa wetu wote wa Mjambere ulikuwa na habari kwamba mzee wa Mrima asiye na mtu amejichimbia kaburi. Bwana Nasoro akaja mwenyewe, yeye ambaye hata kodi huituma mtu. Wajua shamba likishakuwa na kaburi halipati mnunuzi, na siku hizi za kungoja uhuru wenye mashamba wana haraka ya kuuza.

"Nimekukosea nini, Mzee Athumani? Kaburi, shambani mwangu?"

"Kwani nizikwe wapi, bwana? Mimi mgeni."

"Kwenu Pangani!"

"Pangani mbali. Kwa joto hili sitafika nikiwa na heshima."

Kazungu aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Nikaona nimwambie kweli. "Ni shimo la maji, bwana. Mfereji ule pale."

"Maji gani hukaa kwenye udongo mtupu?"

"Na chokaa umeikataza. Basi litabaki kavu. Shimo kavu, lenye urefu wangu, na umri wangu ndio huu."

Akalipima shimo kwa macho, kisha akanipima mimi. Bi Rukia akapiga kelele, "Aka! Litieni maji hilo, kabla hajarudi kulala!"

"Tia chokaa!" akasema Bwana Nasoro.

"Mbele ya watu hawa?"

"Tia leo!"

Nikatia. Ilipokauka, mvua ikashuka. Maji ya kwanza yalinuka mafuta ya taa, nikayapa migomba, maana migomba hakuikataza. Ya pili nimeyanywa na nimepata kukuandikia. Sasa yamefika kiunoni. Bwana Nasoro hupita kila Ijumaa kuniuliza hali, na akiniona nakohoa hukosa raha.

Sikufichi: iko siku atauza. Siku hiyo nitamwachia chokaa yake na kufungua kamba. Tumeujaribu ukuta mmoja na Kazungu: tuliufungua baada ya alasiri, magharibi ikaukuta umesimama tena. Nyumba yote yaingia lori moja.

Mlango upo. Nimeongeza shibiri mbili, kwa kuwa naikumbuka harusi ya binti yako na jinsi mlango wa watu ulivyokushika. Maji yapo. Nakuita.

Nisalimie mkweo mvuvi wa kamba, na binti yako na watoto wake, na mke wangu wa zamani ukimkuta amenuna. Na wewe mwalimu wa chuo cha Kurani unayemsomea barua hii, pale pa mlango usiparuke; mtazame anavyokuangalia.

Ukikataa, dada, sitakulaumu. Nitafungua kamba, nitapakia lori la Tanga, na utaniona nashusha ukuta uani kwako. Ila shimo itabidi nilichimbe upya. Waambie majirani mapema.

Mdogo wako aliye hai, kwa dua za Bwana Nasoro,

Athumani