Nyumba Zote Mbili

Mandewa, Jumanne

Swali la Neema limegoma kunitoka. Nilikuwa nawafundisha kidato cha sita kuhusu Bosnia: Yugoslavia ilivunjika, vita vya Bosnia vikaisha kwa kuigawa nchi hiyo pande mbili, na leo upande mmoja ukikataa, safari ya kuingia Umoja wa Ulaya inakwama.

"Mwalimu, nani aliwapangia hivyo?" Neema akauliza.

"Waliotaka wasiuane tena." Nikajiona nimejibu.

Jioni nikampigia kaka, yuko kijijini Mkiwa, kuhusu shamba letu kuingia ushirika wa alizeti.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nyumba ya mama mdogo wameshakubali? Basi sisi tunakataa."

Marehemu baba aliagiza nyumba zote mbili, za wake zake wawili, zikubaliane kwanza kwa kila jambo la shamba, tusije tukagombana.

Kweli hatugombani. Mvua zimeanza tena, na shamba ni magugu matupu.