Viroboto, Dawa ya Ng'ombe na Furu Wangu

Jumamosi, Igoma. Mawingu yametanda upande wa ziwa tangu asubuhi lakini mvua imekataa kunyesha, na leo naishukuru. Magodoro yote ya nyumba hii yako uani, yameegemezwa ukutani, na sina pengine pa kuyaweka.

Nimechoka vibaya. Mgongo unauma, mikono inanuka sabuni ya unga, na kazi haijaisha. Lakini sitaki pole ya mtu. Nataka kuandika sasa hivi, maana nikingoja nitaanza kujipamba.

Viroboto walikuja na paka. Paka alikuja mwenyewe, hakualikwa, akachagua kulala chini ya meza ya tangi langu la samaki. Tulipokuja kushtuka, miguu ya binti yangu Minza ilikuwa vipele vitupu mpaka magotini. Analala anajikuna, anaamka analia. Mke wangu akataka tupulize dawa ya wadudu nyumba nzima, mimi nikakataa, kwa sababu dawa hizo huwamaliza samaki kabla ya viroboto. Ndipo akaniambia nichague: viroboto watoke bila dawa, na watoke upesi, au samaki wangu watoke. Simlaumu. Mtoto ni mtoto.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: ninafuga furu, wale samaki wadogo wa kwenye miamba ya ziwa letu. Sangara amewala mpaka sehemu nyingine hawaonekani tena. Watu wakija kwangu huuliza nitawakaanga lini. Nacheka nao, lakini moyoni sicheki. Na sasa hivi jike ana mayai mdomoni. Ndivyo furu anavyolea: mayai, kisha watoto, wote anawabeba ndani ya mdomo, na hali kitu mpaka awateme. Ukimhamisha akashtuka, anaweza kuyameza yote. Ni mara ya kwanza kufika hatua hii tangu niwe nao.

Kwa hiyo tangi halihami. Na sumu haiingii sebuleni.

Hilo nilikuwa nimeshaliamua wakati mama mkwe wangu alipofika kutoka kwao, huko mbele ya Kisesa, amekuja kumwona mjukuu. Ni mtu wa ng'ombe. Alipoiona miguu ya Minza hakusema mengi, aliagiza tu aletewe chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kuua kupe. Kwao wakivamiwa na viroboto wanaichanganya na maji, wanapiga deki nyumba nzima, yamekwisha. Akasema pia kwamba kama hali haibadiliki, Jumapili anaondoka na mtoto.

Jana nilirudi kutoka dukani kwangu mchana. Harufu ilinipokea mlangoni. Chumba cha Minza kilikuwa kimeshapigwa deki, ukumbi mdogo pia, na mama mkwe ameinama kwenye mlango wa sebule, ndoo mkononi, maji meupe kama maziwa. Kwenye chupa yenyewe pembeni kulikuwa na mchoro wa samaki na alama ya hatari.

Mimi ni Mhaya wa Muleba, nimeoa Usukumani, na kwetu sote wawili ukwe si mchezo. Simpi mama mkwe mkono. Siketi naye meza moja. Akitaka kunipa kitu, anampa mjukuu aniletee.

Nilimpokonya ndoo mkononi.

Alijifuta mikono kwenye khanga, akaenda kukaa uani karibu na jiko la mkaa. Kuanzia hapo mke wangu akawa anaongea nami kupitia Minza: mwambie baba yako chakula kiko tayari. Niliona aibu, sikufichi. Lakini nilimwaga ile ndoo kwenye shimo la choo, mbali na mtaro unaoelekea ziwani, nikaosha sakafu kwa maji ya sabuni na kurudia tena, nikafungua madirisha, nikaziba chini ya mlango wa sebule kwa taulo lenye maji. Minza alilala na mama yake.

Leo nimeamka nimekaza meno. Mke wangu amempeleka paka kwa daktari wa mifugo akapewe kidonge, maana dawa ya kupaka itadondoka pale pale anapolala. Mashuka na mapazia nimeyachemsha. Sebuleni nimefunika tangi kwa shuka lililolowa, nikazima pampu ya hewa ili isivute vumbi kwenye maji, nikafagia haraka, nikaiwasha tena samaki wapumue. Nikazima, nikafagia nyufa, nikawasha. Hivyo hivyo asubuhi nzima. Chini ya kochi nimeweka sahani ya maji ya sabuni na taa ndogo juu yake. Viroboto wanafuata joto la taa, wanatumbukia. Nimewatazama wakizama na nimefurahi kuliko inavyofaa.

Likabaki zulia. Ni zito, na zulia halikung'utwi na mtu mmoja. Nikaliburuta hadi uani, nikahangaika nalo peke yangu kama kichekesho. Mama mkwe akanitazama kwa muda, akainuka, akashika upande wa pili. Tukakung'uta, kila mtu akiangalia pembeni, vumbi likitujaa usoni.

Tulipomaliza akaingia sebuleni, akafunua ncha ya shuka, akasimama mbele ya kioo. Akauliza yule aliyevimba taya ana nini, au ni ile dawa ya ng'ombe imemdhuru. Sauti yake ilikuwa na hofu. Nikamweleza habari ya mayai.

"Baba Minza," akasema, "siku zote hizi nipo hapa, na hukuniambia kwamba humu ndani kuna mzazi."

Akaongeza taratibu kwamba mzazi hafanyiwi fujo, na angejua, chupa ile isingevuka kizingiti. Kisha akamwita Minza, akamkataza kugonga kioo.

Habari za jike huyu nimewaandikia ninyi, watu nisiowajua hata sura. Mwanamke aliyemzaa mke wangu, anayelala chini ya paa langu, sikumwambia kitu. Maongezi yetu yalikuwa shikamoo, marahaba, basi. Ukimya huo nikauita heshima.

Jioni hii jike bado amefumba mdomo. Viroboto hawajaisha, hilo nalijua. Mayai yao yaliyobaki kwenye nyufa yataanguliwa, na nitafagia tena, na tena, mpaka Minza alale usiku mzima bila kujikuna. Mama mkwe amesema haondoki Jumapili, wala mtoto haondoki, mpaka aone watoto wa furu wakitoka mdomoni.

Jana ningeweza kumweleza kwa maneno, mikono yangu isiguse ndoo. Kesho asubuhi nitamwamkia mama mkwe, na akishaitikia marahaba, sitanyamaza.