Geofrey na anwani ya mkurugenzi

Miriam, weka chai chini. Devota wetu wa Mlali, yule wa IT, leo nusura afukuzwe kazi kwa ujinga wa Geofrey!

Huyo Geofrey kaletwa Dodoma juzi awe mkuu wake. Asubuhi kafunga mwenyewe seva mpya ya printa, ile mashine inayoendesha printa zote za ofisi. Devota akamwomba waangalie kwanza anwani ya mtandao, ile namba ambayo kila mashine lazima iwe na yake, akajibiwa, "Dada, kaa pembeni ujifunze." Ujifunze! Eti kutoka kwa Geofrey!

Mara kompyuta ya mkurugenzi ikakatika mtandao, naye yuko katikati ya kikao cha mtandaoni na wizara. Akatoka mbio kuuliza, na Geofrey akamnyooshea Devota kidole mbele ya ofisi nzima: "Huyu kachezea nyaya."

Devota machozi yanamlengalenga, lakini akasema, "Mkurugenzi, naomba seva ya Geofrey izimwe."

Ikazimwa. Mtandao ukarudi papo hapo!

Mkurugenzi akauliza, "Geofrey, uliipa anwani gani?"

Miriam, mtu mzima na tai yake: "Niliipa ya kwako, bosi. Niliona yako inashika vizuri."

Ya kwako, bosi! Mashine mbili, anwani moja, zisigongane vipi!

Devota hata hakucheka. Aliomba maji, akakaa kubadilisha anwani, na yule mpuuzi akamuuliza kama atamaliza kabla ya chakula cha mchana.